Faili Lililochelewa Kusomwa

"Basi niambie ni shetani gani huyo anayekijua chumba changu peke yake katika jengo zima," Mkunga alisema, amesimama katikati ya korido na ndoo ya maji mkononi. "Anakuja jioni tu, anaondoka watu wakishalala. Shetani wa namna hiyo ana jina. Na ana ufunguo wa sebule yako."

Mama Mitambo alikuwa mlangoni kwake na upawa mkononi, hajui auweke wapi. Alikuwa ameanza kwa shikamoo, kama alivyomwamkia mama huyu kila asubuhi tangu aolewe katika jengo hilo, na shikamoo yenyewe haikujibiwa. Ilibaki pale kati ya milango miwili kama mgeni asiyepewa kiti. Waliokuwa wakishuka kwenda kazini wakapunguza mwendo. Nani akimbilie kibarua na ugomvi uko mezani bure?

"Mama, sijagusa kitu. Naapa."

"Usiape. Viapo huchakaa kama nguo, na wewe wiki hii umevifua mno."

Kuna aliyecheka ngazini, kisha akakohoa ili kicheko kionekane ni kikohozi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa intaneti. Jengo zima lilipata mtandao kwa waya mmoja uliopenya dirisha la Mama Mitambo na kuishia kwenye rafu ya sebuleni kwake, kati ya picha ya harusi na maua ya plastiki. Hapo ndipo ilipokaa seva: kompyuta kuukuu isiyo na skrini, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ili isipate baridi, maana mama mkwe wake aliamini chochote kinachonguruma kina roho. Kila chumba kilikuwa na kisanduku cha waifai kilichopigiliwa ukutani, na seva ndiyo iliyojua kisanduku gani kipewe nini, na saa ngapi. Wapangaji walichangia gharama. Mkunga peke yake hakuchangishwa, kwa sababu ndiye aliyempokea duniani mwana pekee wa Mama Mitambo, sakafuni mwa sebule hiyohiyo, siku ambayo mvua ilifunga barabara. Mikono ile huwezi kuitoza.

Sasa mikono ile ilikuwa imeshika ndoo kana kwamba inatafuta pa kuimwaga.

Binti yake Mkunga alikuwa ameolewa nchi ya mbali, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kila jioni mama na mwana walionana kwenye skrini. Mama akamkagua miguu kama imevimba, akamwambia ageuke, akamwuliza mambo ambayo daktari huyauliza kwa aibu. Tangu wiki ianze, giza likianza kuingia tu, mtandao wa Mkunga ulikuwa unakata. Chumba chake kilikuwa chini, kuta nene, laini ya simu haishiki ndani hata uisimamie juu ya meza. Ikabidi atoke na kigoda mpaka kando ya barabara, karibu na kinyozi, na huko akawa anauliza kwa sauti ya kushindana na pikipiki kama maumivu yanakuja kwa mpangilio au yanakuja ovyo. Jana yake msukuma mkokoteni alisimama akamjibu kwamba ya kwake yanakuja ovyo.

"Leo ndiyo leo," Mkunga alisema, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo lilimtisha Mama Mitambo kuliko makelele. "Wamemlaza alfajiri. Wakunga wa huko wamemruhusu aweke simu kitandani, nimwone, anione. Nimezalisha watoto wa mtaa huu mpaka wengine wananipita njiani hawajui kuwa mimi ndiye niliyewapiga kofi la kwanza. Wa kwangu nikampokee kandokando ya barabara, wauza karanga wakisikiliza? Kwa ajili ya kamba ya nguo?"

Kamba ya nguo. Hapo ndipo jengo zima lilipoelewa, au likadhani limeelewa. Ijumaa iliyopita wawili hao walikuwa wamebishana kuhusu shuka la nani lianikwe upande wa jua. Mtu akishapewa sababu nzuri namna hiyo, ukweli wa nini tena?

Mama Mitambo alimsihi aje kwake jioni, akae sebuleni, atumie kisanduku cha kule. Mkunga akamtazama toka upawa hadi kandambili. Mazungumzo ya mama na mwanawe, alisema, hayafanyiwi sebuleni kwa mtu aliyekufungia mlango. Ikifika jioni hakuna kitu, atatoka na kigoda chake kama kawaida. Na kesho asubuhi anahama.

Akaingia ndani na ndoo yake. Maji hayakumwagika hata tone, na hilo nalo lilionekana ni dharau.

*

Mtu asiyeijua seva hudhani ina akili. Haina akili, ina utii. Programu inayogawa mtandao ni kama bawabu mgeni: akiingia zamu, anasoma maagizo yaliyobandikwa ukutani, anayatia kichwani, anakwenda kusimama langoni. Maagizo hayo ndiyo faili la mipangilio. Ni maandishi matupu, mstari baada ya mstari, hata mwanafunzi angeyasoma: kisanduku hiki kipewe kasi hii, kile kisiruhusiwe kupita hapa, mgeni asiyejulikana aambiwe hivi. Atakaloliona pale bawabu ndilo atakalolitenda. Kumwonea mtu huruma au kinyongo kwa ajili ya shuka, hajui.

Mama Mitambo aliyajua hayo kwa sababu enzi za usichana wake alikuwa mhudumu wa kompyuta katika ofisi moja ya usafirishaji, na ofisi ilipofungwa aliondoka na ujuzi pamoja na ile kompyuta kuukuu. Akaichomeka skrini na kibodi, akafungua faili kuu, akaanza kulisoma kwa kidole, juu mpaka chini. Kisanduku cha chumba cha Mkunga kilikuwa na kasi ileile, ruhusa zilezile. Alikuwa na nakala ya zamani kwenye diski. Akaziweka ubavu kwa ubavu. Zilifanana kama mapacha.

Akasoma tena. Mwisho wa faili kulikuwa na mstari mmoja ambao macho yake yaliuruka kila siku, kama mtu anavyovuka kizingiti cha nyumba yake bila kukitazama. Akauruka tena.

Mumewe aliingia mchana kuchukua taulo safi. Yeye ndiye yule kinyozi wa barabarani, mtu mpole ambaye kazi yake ilimlazimu kusikiliza. Alisimama nyuma ya kiti, akasema kwamba kwenye kiti chake cha kunyolea habari zimeshakamilika: eti mke wake ana swichi ndogo nyekundu, na kila anayemuudhi hubonyezewa.

"Nikakuonyeshe wapi hiyo swichi?" Mama Mitambo aliuliza bila kugeuka.

"Mimi najua haipo. Lakini wateja wawili leo wamenilipa na kunisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata. Mmoja ameniomba nikufikishie salamu."

Alicheka peke yake. Akamshika bega, akamwambia ajaribu kumwomba radhi tu yule mama, hata kama hana kosa. Radhi haimgharimu mtu. Mama Mitambo akamwuliza aombe radhi kwa lipi, kwa kutofanya? Akiomba tu, ameshakubali kwamba swichi ipo. Mumewe akachukua taulo zake.

Mama mkwe, ambaye wakati wote huo alikuwa kwenye kochi akichambua mboga, alisema bila kuulizwa kwamba yule mama ana hasira za mtu anayesubiri mjukuu, na hasira hizo hazina dawa ila mjukuu mwenyewe. Kisha akainuka, akakirudisha vizuri kile kitambaa juu ya seva, akaipigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto. "Na hii nayo isisumbuliwe sana," akasema. "Imefanya kazi."

Mama Mitambo hakulitilia maanani. Laiti angelitilia.

*

Giza lilipoanza kuingia alikuwa amesimama dirishani. Aliusikia mlango wa ng'ambo ukifunguliwa. Mkunga akatoka, kitenge kimefungwa vizuri kama anakwenda kazini, kigoda kwapani, simu imebanwa kifuani. Hakutazama kushoto wala kulia. Magoti yake yalikuwa mabovu, na hatua za kutokea nje ya jengo alizishuka kwa upande kama kaa. Kule barabarani kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akamtolea kiti cha duka, na mama akakikataa, akaketi juu ya kigoda chake.

Mama Mitambo alihisi machozi. Wakati huohuo mlango wake uligongwa, na kabla hajasema karibu, Redio alikuwa ameshaingia.

Redio alikuwa mke wa fundi cherehani wa juu, na jina hilo hakupewa kwa uonevu. Lolote lililotokea asubuhi katika jengo lilisikika kwake mchana na kurudiwa jioni kwa wale waliolikosa. Alikuwa amekuja kumpa pole, yaani kumchungulia usoni akaripoti hali yake. Aliketi karibu na mama mkwe, akachukua fungu la mboga akaanza kuchambua naye, maana mikono ikiwa na kazi mdomo huwa huru.

Alisema watu wabaya sana, shoga, kukusingizia wewe. Alisema yeye ni shahidi kwamba mtandao wa humu ni mzuri. Tangu wabadilishane vyumba na Mkunga, yeye na mumewe wakapanda juu na Mkunga akashuka chini kwa ajili ya magoti, hajawahi kukatikiwa hata jioni moja. Tamthilia yake anaiegemeza kwenye sufuria, anakoroga huku anatazama.

"Na Sindano siku hizi katulia," aliongeza, akimtaja mumewe kwa jina ambalo mtaa mzima ulimwita. "Kule chini kila jioni alikuwa ananung'unika, eti nimeolewa na simu. Siku moja tu nikaona kanyamaza, anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Mpaka leo sijui nani alimwambia nini."

Mama Mitambo aligeuka kutoka dirishani polepole.

Yeye ndiye aliyemwambia. Yalimrudia yote kwa mkupuo. Sindano alikuja mlangoni mkewe akiwa bombani, mkanda wa kupimia shingoni, akanong'ona: shemeji, nina ombi la siri. Nikirudi nakuta mchuzi wa baridi na mke analia. Nikiuliza nani amekufa, naambiwa ni tajiri wa kwenye tamthilia. Nikatie mtandao wa chumbani kwangu jioni, toka giza liingie mpaka watu walale, na mke wangu asijue hata kwa dawa. Mama Mitambo alicheka, akamwonea huruma, akaandika. Lakini hakuandika kwenye faili kuu, ambalo mumewe naye huchungulia na kinyozi hana kifua cha siri. Aliandika faili dogo peke yake, akaliweka kwenye folda ya pembeni, na ule mstari wa mwisho wa faili kuu, ule anaouruka kila siku, kazi yake ni kuiambia programu: ukimaliza hapa, kasome na yale ya kule.

Kwa kawaida kila alipobadilisha jambo aliacha neno la maelezo, mstari unaoanza na alama ya reli, ile #, ambao mashine huupita kimya kwa kuwa ni wa macho ya binadamu. Safari hiyo hakuacha hata neno. Siri ni siri.

Na hakuiwasha upya programu. Kilichobandikwa ukutani bawabu akiwa tayari langoni, bawabu hana habari nacho. Ili alisome faili jipya ilibidi programu izimwe na kuwashwa, na jioni ile jengo zima lilikuwa linatazama mpira. Nani angethubutu? Akasema kesho. Kesho yake mwanawe akapata homa, na Sindano alipouliza kwa jicho wakipishana ngazini, yeye akamjibu, "Nimeshaandika." Wote wawili wakaridhika. Kuandika waliona ndiyo kutenda.

Wiki hiyohiyo vyumba vikabadilishwa. Vitanda vilipanda, magoti yakashuka, cherehani ikabebwa na wanaume wa jengo zima. Visanduku vya ukutani havikuhama na mtu. Lile faili dogo likabaki kwenye folda yake, halijasomwa, linamsubiri mke wa Sindano katika chumba asichokaa tena.

"Shoga, mbona umekuwa mweupe?" Redio aliuliza, kwa furaha isiyofichika.

Lakini palibaki tundu moja. Programu ile haikuwahi kuzimwa. Chini ya rafu kulikuwa na betri kubwa, hata umeme ukikatika seva haipepesi. Nani aliifanya isome?

"Mama," alimwuliza mama mkwe, kwa upole wote aliokuwa nao, "hii mashine kuna mtu aliigusa wiki hii?"

Mama mkwe aliweka chini jani la mboga.

"Niliipumzisha," alisema.

"Uliipumzisha?"

"Jumapili, mmekwenda sokoni. Mwanangu, mimi naiona hapa mwaka wa ngapi sijui, mchana na usiku inanguruma, hailali, haisemi imechoka. Hata punda hufunguliwa. Nikachomoa waya na ule wa kwenye betri, nikafuta vumbi, nikaiacha ipumue mpaka nikamaliza kupiga pasi. Kisha nikairudisha. Ikaamka vizuri, ina nguvu." Akamtazama mkwe wake usoni. "Nimeharibu?"

Mama Mitambo alicheka. Hakupanga kucheka. Kilimtoka kicheko kikubwa mpaka akashika meza, na mama mkwe, aliyedhani amesamehewa, akacheka naye, na Redio akacheka kwa tahadhari, kwa kuwa alikuwa hajajua amecheka nini na jambo hilo lilimuuma.

Aliifungua ile folda. Faili dogo lilikuwa mle, mistari yake michache, haina jina la mtu wala sababu: namba ya kisanduku, saa ya kufunga, saa ya kufungua. Akalifuta. Sasa ilibaki kumwita bawabu aje asome upya, na juu ya kichwa chake jengo zima lilikuwa linanguruma kwa tamthilia, mpira, mahubiri na masomo ya watoto. Mara ya kwanza aliwaogopa hawa, na woga ule ndio uliomfikisha hapa.

"Shoga," alimwambia Redio, "tamthilia yako imefika wapi?"

"Nimeiacha inaendelea. Baba yake karibu atamtambua."

"Atamtambua baadaye."

Akaiwasha upya.

*

Kimya kilianzia juu kikashuka. Sauti za watu wa kwenye skrini ziliganda, na mahali pake zikaja sauti za watu wa kweli, milango ikifunguliwa, mtu akiuliza kama na wewe, na yule akimjibu na mimi. Miguu ikaanza kushuka ngazi. Mama Mitambo hakungoja. Alitoka mbio mpaka barabarani, bado ana upawa, maana siku nzima alikuwa anauchukua na kuuweka.

Mkunga alikuwa ameinama juu ya simu, kiganja kimefunika sikio. Picha ilikuwa imekatika, sauti inakuja vipande vipande. Mama Mitambo alichuchumaa mbele yake, mavumbini, akamwambia kosa limepatikana, ni la kwake, ni la mkono wake yeye, atamweleza yote na kumwomba radhi kadiri atakavyotaka, ila kwanza ainuke aingie ndani.

"Ukiwa unanidanganya?"

"Uhame kesho, na mimi nikubebee kitanda."

Mkunga akaibana simu kifuani. Kisha akanyoosha mkono, na Mama Mitambo akaushika upande mmoja, kinyozi upande mwingine, akiwa na mashine yake ya kunyolea, na mteja wa nusu kichwa akiwafuata nyuma na kigoda. Walimpandisha zile hatua. Walipofika katikati ya korido, simu ililia kifuani mwa mama huyo, mlio mrefu wa kupigiwa kwa picha, bila kukatika. Mkunga akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, wakamsikia akisema kwa sauti ya kazi, sauti ambayo nusu ya waliokuwa pale ndiyo waliyoisikia kwanza duniani: "Niko hapa. Nionyeshe uso. Pumua, mama."

Korido ilikuwa imejaa. Mtandao ulikuwa umesharudi, lakini hakuna aliyepanda kwenda kuutumia. Walitaka habari. Mama Mitambo akawaambia kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mlango ule, kwamba ni kosa lake: aliandika agizo la kufunga kisanduku cha chumba kile zamani, likakaa bila kusomwa, seva ilipozimwa Jumapili na kuwashwa ikalisoma, likamwangukia mtu asiyehusika. Swichi nyekundu hakuna.

Nani aliizima, hakusema. Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni na ungo wa mboga, ndiye aliyesema mwenyewe kwamba aliipumzisha, na kwamba baadhi yao pale wangefaa kufanyiwa hivyohivyo.

Redio hakucheka na wenzake. Alikuwa anahesabu kichwani.

"Zamani lini?" aliuliza. "Kabla hatujabadilishana vyumba?"

Mama Mitambo akatazama upawa.

"Maana kabla hatujabadilishana, chumba kile kilikuwa changu. Kisanduku kile kilikuwa changu. Na jioni ile ilikuwa tamthilia yangu. Sasa wewe, shoga, ulikuwa na ugomvi gani na mimi?"

"Sikuwa na ugomvi na wewe. Niliandika tu."

"Mtu haandiki tu."

Angeweza kumtaja. Neno moja tu, na macho yote yangemtoka yeye yahamie kwingine. Lakini siri alipewa, hakuiokota, na kwa siku moja alikuwa ameshaharibu vya kutosha. Akavumilia kutazamwa. Juu ngazini mtu akasafisha koo.

Sindano alikuwa amekaa ngazi ya tatu kutoka chini, sindano zake zimechomekwa kwenye kola kama kawaida, ana nywele za mtu aliyejishika kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwomba mimi. Nilitaka mchuzi wa moto."

Kicheko kilichofuata watu walikiziba kwa mikono na mitandio, kwa ajili ya kazi iliyokuwa inaendelea nyuma ya mlango, na kicheko kilichozibwa ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa hakiishi. Mteja wa nusu kichwa aliegemea ukuta akateleza mpaka chini. Sindano alieleza, kadiri alivyoruhusiwa kueleza, kwamba walipohamia juu mchuzi ulianza kuja wa moto, akajua dawa imefanya kazi, mpaka akawa anamwombea shemeji yake heri kila anapokula.

"Ulikuja wa moto kwa sababu kule juu jiko liko karibu na dirisha, nikaweza kuegemeza simu kwenye sufuria," Redio alisema. "Ungeniambia tu, bwana wee. Mdomo unao, mkanda wa kupimia unao, ungepima ukanena. Leo utakula hilo faili." Akapita kati ya watu, akapanda, na baada ya muda waliusikia mlango wa juu ukifungwa kwa komeo.

Hawakutawanyika. Walikaa ngazini na sakafuni, wakizungumza kwa kunong'ona, kila mmoja akimsimulia mwenzake siku aliyozaliwa kwa mikono ya yule mama au aliyozaliwa mwanawe. Kinyozi alimalizia kichwa cha mteja palepale korido. Nyuma ya mlango sauti ya Mkunga ilipanda na kushuka, sasa inabembeleza, sasa inaamrisha, mara moja ikamgombeza mkunga mwenzake wa nchi ya mbali ambaye hata lugha hawakuelewana. Mama Mitambo alirudi kusimama kizingitini kwake, mahali palepale pa asubuhi. Akawa anasikiliza mtandao, kama inawezekana kuusikiliza, akiuomba usikohoe.

Haukukohoa. Kikatoka kilio, chembamba, chenye hasira, kimevuka bahari na waya na dirisha lake na kisanduku cha ukutani, kikafika korido kizima.

Vigelegele vilipasuka toka chini mpaka juu. Hata komeo la Redio likafunguka ili avitie vyake.

Mlango wa Mkunga ulifunguliwa. Mtandio ulikuwa umemwanguka mabegani, uso umelowa, na alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa. "Wa kike," aliwaambia. "Ana mapafu ya kunishinda mimi." Wakamzunguka, wakapokezana kuchungulia kitu chekundu kilichofungwa kama andazi kwenye kioo cha simu, kila mmoja akiona kinafanana na mtu tofauti. Alipomfikia Sindano, aliyebaki ngazini peke yake, alimtikisia kichwa. Inaonekana kuta zile nene hazikuwa nene kwa maneno. "Mficha uchi hazai, baba," alimwambia. "Waulize wanaozaa."

Kisha watu wakapisha, na akabaki uso kwa uso na Mama Mitambo, ng'ambo ya korido. Mama Mitambo alifungua mdomo aanze zile radhi alizoahidi.

"Marahaba," Mkunga alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Ilimchukua Mama Mitambo muda kuelewa kwamba inajibiwa ile ya asubuhi.

"Niliisikia," Mkunga akasema, "ila imenifika sasa hivi." Akausukuma mlango wake ukawa wazi kabisa, harufu ya mchuzi ikatoka. "Nilipika sufuria nzima nikijua nitaila peke yangu kwa hasira, na sasa hasira sina. Weka chini huo upawa uingie ule. Mlete na mkweo, kama amekwisha kupumzisha vitu. Na huyo wa ngazini naye aje, maana juu leo hana sahani."